Kabla Maharage Hayajaiva

Mjomba wako Saidi amekutoa kulipa mkono wa Athumani, Zuhura, na wewe hurudi tena Ngombezi. Nimelisema. Sasa kaa kwenye kiti chako, usisimame, wala usimsumbue Sista wako wa zahanati kwa maswali, maana yeye anayajua yote tangu mwezi uliopita na nilimwapisha. Mlango wa ndege haufunguliwi njiani kama wa basi. Nimeuliza.

Salamu sasa. Mimi mama yako sijambo, na Hadija hajambo, amelala hapa nyuma yangu ameuvuta mkeka wote upande wake. Wewe uko chumba cha pili, umelala na sanduku lako miguuni kama mtu anayeogopa wezi, na kwa hili sikio langu moja zima ninakusikia unavyokoroma. Mvua inapiga bati. Ukiona herufi zimekimbilia pembeni ya karatasi, ujue paa linavuja nami nimehama na koroboi. Lakini herufi zenyewe ni nzuri. Hakuna mwanamke mwingine katika laini hizi za nyumba za wakata mkonge anayeweza kuandika karatasi hata moja, na mimi nitaandika nyingi. Darasa la pili nilisoma nimekaa ndani, la tatu nililisikiliza dirishani.

Barua hii nitaishona bahasha yake kwa uzi wa mkonge. Nitakupa stesheni, na nitakwambia uifungue ndege ikishapaa, siyo kabla. Ungeisoma kwenye garimoshi ungeshuka Muheza, ukarudi kwa miguu, ukaingia hapa na jiwe mkononi. Hasira hizo umezitoa kwangu, pamoja na akili. Akili za baba yako zilikuwa za kutosha, lakini za kufaulu mitihani ni za kwangu.

Wewe unajua unamsindikiza Sista Dar es Salaam, umshike yule mtoto wa meneja anayeumwa, kisha mrudi wote na ndege ya wiki ijayo. Sista atarudi. Kiti chako kitarudi kitupu. Nafasi ya kusomea unesi uliyoililia mwaka jana ukaambiwa zimejaa, Sista ameipata. Wenye chuo walitaka uanze baada ya masika. Utaanza sasa.

Nilipopata habari ya ndege hiyo nilikwenda kwa Mzee Yohana, mpishi wa meneja, kwa kuwa ndiye mtu pekee ninayemjua aliyepanda Tanga akashuka Dar es Salaam. Nilimkuta anamenya viazi.

Nikamuuliza, "Ni mbali kiasi gani?"

Akasema, "Kwa ndege si mbali."

"Sikukuuliza kwa ndege. Nimekuuliza ni mbali kiasi gani."

"Mama Zuhura, umbali ni uleule. Kinachobadilika ni umekaa juu ya nini."

"Basi niambie muda."

Akafikiri, akasema, "Ukibandika maharage Tanga ukapanda, ukishuka Dar es Salaam hayajaiva."

"Maharage mapya au ya mwaka jana?"

"Ya mwaka jana."

"Yameloweshwa?"

Akaweka kisu chini. "Mama Zuhura, mimi nilipanda ndege. Sikupanda na sufuria."

Basi ni muda huo. Kasema pia watakupa peremende uinyonye ili masikio yasizibe, na kwamba yeye alikuwa nayo mdomoni mpaka akaiona bandari. Kwa hiyo usiitafune. Inyonye polepole, usome polepole, na ukimaliza vyote viwili utakuwa mahali ambapo Saidi hakufikii.

Siku ya pili nikaenda stendi ya Korogwe kuuliza habari za barabara. Yule utingo wa lori la Handeni, mwenye meno ya mbele mawili tu, alicheka. Akasema lori lao limezama huko mbele ya Handeni, njia ya Morogoro, na waliolala pale wakisubiri maji yapungue sasa wanaitana majirani. Akaniuliza kama nataka kusafiri. Nikamwambia hapana, nilitaka kufurahi tu.

Maana hesabu ilikuwa imekubali. Wewe ukishuka Dar es Salaam Jumatano ukasema unarudi mbio kumpigania mama yako, ndege haipo, barabara haipo, na mpaka upate njia, Ijumaa itakuwa imepita. Na Saidi naye akitaka kukufuata atakaa kwenye tope na wale majirani. Kukushinda kwa maneno sikuwezi, mwanangu. Nimekushinda kwa safari.

Sasa nikueleze. Unajua kwamba mjomba wako alimkata Athumani mkono kiangazi kilichopita, kule kwetu Misima, nilipokwenda kwenye msiba wa bibi yako. Ulivyosikia ndivyo watu wanavyosimulia. Mimi nilikuwepo.

Kisima kilikuwa kimebaki kimoja, kile cha kwenye mchanga wa mto, na watu walichota kwa zamu, kata moja moja, mpaka maji yajikusanye tena. Athumani alikuwa ameinama anajaza mtungi wa mama yake. Saidi akaja na mbuzi wake na panga la kukatia majani. Akasema, "Toka. Zamu yangu."

Athumani hakuinua hata kichwa. Akasema, "Zamu yako ilikuwa jana. Ulikuwa umelala."

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Kama tusingecheka, mwanangu, ule mkono ungekuwepo hadi leo.

Panga lilishuka mara moja tu. Mkono ukaangukia kisimani na kata ikiwa imeshikwa bado, kata ikajaa. Athumani akabaki anautazama kama mtu aliyedondosha kitu chake anataka kukiokota. Halafu damu ikaja, ikaruka mpaka usoni kwa mama yake, na watu wakaanza kupiga kelele na kukimbia huku na huku. Mimi sikupiga kelele. Nilivua kanga yangu, nikaikaza juu ya kiwiko, nikatia kijiti nikakisokota, kama ulivyonionyesha kwenye kile kitabu chako cha zahanati. Alinipiga teke, akaniuma bega, kovu ninalo, nikamkalia kifuani nikaendelea kusokota. Yule mtu anaishi kwa sababu yangu na yako. Hilo hakuna aliyelisema barazani.

Na maji yale tuliyanywa. Hayakuwepo mengine.

Wazee wakakaa. Wakasema tukienda bomani kwa bwana shauri wa serikali, Saidi atafungwa na mkono hautaota. Ndipo mama yake Athumani aliposimama, akasema, "Mmemkata mwanangu mkono mmoja. Mpeni miwili." Maana yake apewe mke asiye na mahari, wa kumlimia, kumchotea, kumfunga shuka na kumkatia nyama.

Kila mtu akamtazama Saidi. Wewe umekulia laini, katikati ya Wangoni na Wanyamwezi na Wamakonde, mambo ya kwetu umeyasikia nusunusu. Kwetu Uziguani mtoto wa mtu si wake kama alivyo wa mjomba. Saidi ana mabinti wanne ndani ya nyumba yake na hawezi kumtoa hata mmoja, kwa kuwa hao ni wa kaka za mkewe, na hao kaka wangemchinja. Walio wake yeye ni watoto wa dada zake. Dada zake tulikuwa wawili, mimi na Mwanaidi. Mwanaidi alimwacha Hadija, ambaye bado anacheza na vibuyu. Mkubwa ni wewe.

Alikuja hapa mwezi uliopita, wewe ukiwa kazini. Akaketi kwenye kiti cha baba yako. Akasema, "Dada, nimekuja kukuarifu. Sikuja kukuuliza."

Nikasema, "Karibu ugali."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Umekaa upande wa sikio zima."

Nikampakulia. Akasema watakuja Jumanne. Jumanne ile ile ya garimoshi lako. Nikamwambia, "Saidi, bibi harusi hatolewi kama gunia. Apakwe hina, asuguliwe, avishwe. Utampa mtu mkono wenye magaga?" Akacheka, akasema wanawake hamuishiwi mambo. Tukapatana Ijumaa yake. Nikamwomba aniletee Hadija amsindikize dada yake, maana bibi harusi lazima awe na mwenzake wa kumsugua. Akamleta mwenyewe, amembeba kwenye baiskeli.

Lazima umeshajiuliza, mama, mbona Athumani si mtu mbaya? Kweli si mbaya. Ni mpole na mcheshi, na ucheshi ndio uliomponza. Yule niliyepewa mimi pia hakuwa mbaya.

Nilikuwa na umri wako. Mjomba wangu alichoma shamba lake siku ya upepo, moto ukaruka ukaingia kwenye dungu la kulindia shamba la jirani, alimokuwa amelala mwanawe mchanga. Yule jirani akapewa mimi. Hakuwa mlevi, hakuwa na matusi, swala hazikumpita. Alinipiga kwa mpini wa jembe, kwa kamba ya mbuzi, kwa mchi, na siku moja kwa kiti hadi kiti kikaisha. Siyo kwa kosa. Kila nilipomwekea chakula alimwona mwanawe ameungua, na mimi ndiye moto. Alikuwa akimaliza kunipiga anakaa pembeni analia. Mwanamke aliyetolewa kwa damu hudaiwa damu, hata akiwa ametumwa kupika tu. Athumani angekupenda labda mwezi mzima. Halafu angeamka asubuhi moja ya baridi, kigutu kinamuuma, anataka kufunga kifungo, hawezi, na wewe uko pale na mikono yako miwili mizuri.

Nikakimbia. Na hapa nilikosea, uisome vizuri. Nilitoka Misima kabla ya jua, nikashika barabara kwa sababu ilikuwa tambarare na mimi nilikuwa na mbavu mbovu. Nikafika Segera jua likiwa kali. Pale Segera alikuwa akikaa shangazi yangu, anauza ndizi na mihogo ya kuchoma. Sasa kwetu, mwanangu, hupiti mlango wa shangazi yako bila kubisha hodi. Hata nyuma yako kukiwa na simba, utabisha hodi, na yeye atakwambia karibu, na simba atasubiri.

Nikabisha hodi. Nikampa shikamoo. Akanitazama uso ulivyovimba, akasema, "Marahaba, mwanangu. Pita ukae." Akachinja kuku. Nilifurahi, nikajiona mtu. Sikujiuliza kuku wa nini katikati ya wiki. Nilikuwa ninanyonya mfupa ndugu za mume wangu waliposimamisha baiskeli mlangoni. Shangazi alikuwa amekwisha kutuma mtu zamani. Alilia kwa dhati, na wakati wananifunga mikono alinifungia paja lililobaki kwenye jani la mgomba ili nile njiani.

Nilirudi Misima nimefungwa nyuma ya baiskeli. Ilipokwenda mbio nilikimbia, nilipoanguka iliniburuta. Magoti yangu umeyaona.

Ndipo nilipojifunza habari ya umbali, miaka mingi kabla ya Mzee Yohana. Maili si kitu. Anayekimbia na anayemkimbiza wakiwa barabara moja, wako mahali pamoja, mmoja hajamwona mwenzake tu. Ukitaka kuwa mbali na mtu pita asikoweza kupita.

Kwa hiyo mara ya pili sikushika barabara. Nilipita porini, kwenye miiba ambayo hata mbuzi huizunguka, nikatokea mtoni upande wa pili wa Ngombezi. Darajani walikuwa wamekwisha kuweka mtu. Nikaingia majini. Kuogelea sikujui hata leo. Maji yalinifika kidevuni, na nyuma yangu wakatokea watatu ukingoni, wakaanza kunirushia mawe kama wanaopiga nyoka. Moja likanipata hapa, sikio la kushoto, na tangu hapo upande ule wa dunia umenyamaza. Sikuona tena kitu. Nilihisi kamba ikinipiga uso.

Kamba ya mkonge. Ng'ambo kulikuwa na genge la shamba la mkonge linakata miti, na Mngoni mmoja mwenye kifua kama mlango alikuwa ameirusha. Akanivuta kama anavyovuta gogo, ngozi ya viganja vyangu ikabaki kwenye kamba. Akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Dada, una uzito." Hilo ndilo neno la kwanza la baba yako kwangu.

Wale watatu walizunguka darajani wakatukuta kwenye mkonge. Baba yako alikuwa na kile kisu chake cha kukatia majani ya mkonge, wao walikuwa na marungu. Sitakuficha, lilikuwa jambo baya. Mmoja alichanwa bega hadi mfupa ukaonekana mweupe. Mwingine alianguka kwenye mche wa mkonge, mwiba ukamwingia shavuni ukatokea mdomoni. Baba yako walimvunja vidole viwili na taya. Halafu akaja nyapara na kiboko chake, akatupiga wote bila upendeleo, wao kwa kuingia shambani na sisi kwa kuacha kazi. Jioni ile nilikaa kwenye laini na uso kama boga, baba yako hawezi kutafuna, tukanywa uji tukitazamana. Usiku sikulia. Nilijiona nimeshinda dunia.

Huyo baba yako, Mungu amlaze pema, naye alinipiga mara moja. Lile kovu juu ya nyusi yake ulilokuwa ukiliuliza, tulikudanganya kwamba aliangukiwa na bomba kiwandani. Lilikuwa mchi wangu. Alikaa chini, damu inamdondoka, akasema, "Basi, Mama Zuhura, tumeelewana." Na kweli tulielewana mpaka vumbi la mkonge lilipomaliza kifua chake. Sikwambii upige mtu. Nakwambia asirudie. Namna utakayotumia ni yako, wewe umesoma.

Ushindi wangu wa mtoni ulikuwa na mwenye kuulipia. Nilipovuka nilidhani nimevuka. Deni lilibaki Misima limekaa, na mwaka haukwisha wakampa yule jirani, mahali pangu, mdogo wangu Mwanaidi. Mwanaidi aliogopa hata kuku. Hakukimbia. Alikuwa akisema kwenye salamu zake kwamba hajambo, na mimi niliamini kwa sababu ilinifaa kuamini. Alimzaa Hadija. Halafu likaja pigo la mwisho ambalo wazee walisema ni homa. Nilikwenda kuzika. Nilimwosha mwenyewe na niliona homa yenyewe ilivyokuwa imemkalia shingoni. Nikakaa na wafiwa, nikala wali, nikarudi Ngombezi. Yule mtu naye akafa baadaye kwa kifua, kitandani kwake, akiswaliwa.

Ndiyo maana mimi siji Dar es Salaam nawe, ingawa Sista aliniambia anaweza kunitafutia njia. Wote tukikimbia, ataenda Hadija. Hadija akifichwa, watatafuta binti wa binamu. Deni la namna hii halikimbiwi na kila mtu. Lazima mmoja akimbie na mmoja abaki mlangoni. Mwanaidi hakuwa na wa kubaki mlangoni.

Wala usidhani nabaki kama kondoo. Baba yako aliniachia kisu chake cha mkonge. Nimekinoa juzi na jana, na leo ulipoona nakatia vitunguu ukaniambia, "Mama, mbona kisu kikubwa hivyo?" nilikwambia kile kidogo kimepotea. Wanawake wa laini yetu nimewaambia wote, Wangoni kwa Wanyamwezi, na waume zao wakataji pia, walio na sababu zao za kumkumbuka baba yako. Kila mmoja atakuja na kisu chake, maana siku hiyo tutakuwa tumetoka kazini, na mkataji huja na kisu chake.

Nitawakaribisha. Nitawapa viti. Athumani nitamkalisha karibu yangu, kwa kuwa sina ugomvi naye na nina haki ya kumuuliza kigutu kimeponaje, kile ni kazi ya mikono yangu. Halafu nitasema mbele ya wote: mliomba mikono miwili, mkono uliokatwa ulikatwa na mikono miwili ya Saidi, hiyo hapo, ichukueni. Amlimie Athumani, amchotee maji, amfunge shuka, amkatie nyama, mpaka mmoja wao afe. Saidi ana nguvu kuliko Zuhura, na anaamka mapema siku hizi, tangu watu walipomcheka.

Akikataa, kesho yake nipo bomani kwa bwana shauri. Yeye alidhani ndugu yake mwenyewe hawezi kutoa ushahidi juu yake. Shahidi ni mimi, niliyeuona mkono ukishika kata, na najua kuandika, hata wakipoteza maneno yangu nitayaandika tena.

Na akinyanyua panga, basi atanyanyua. Nimekwisha kupigwa kwa kila kitu kilichomo ndani ya nyumba, Zuhura. Hakuna kipya atakachonionyesha. Yeye ndiye hajawahi kupigwa.

Kama hizo ndizo habari zitakazokufikia, ulie siku yako, halafu urudi darasani. Nakukataza kurudi hapa na jiwe. Mimi sikutoka mtoni ili uje urushe mawe.

Mambo ya kula, kuoga na kujifunika sitayaandika, unayajua. Moja tu ndilo linalonitoa machozi kuliandika, kwa kuwa nimekulea na adabu na watu wote wanaisifu. Yule shangazi wa Segera ana binti yake ameolewa Kariakoo. Ni mkarimu, atakuwa amesikia kwamba upo. Usibishe hodi. Ukikutana naye njiani mpe shikamoo yake, umuulize hali, na miguu yako iendelee kutembea huku anajibu. Akikwambia ana kuku, kimbia.

Mzee Yohana anasema ukikaa upande wa kulia utaona bara. Misima hutaiona, ni mbali na ni ndogo. Lakini utaona milima na ukungu, na chini ya ukungu ule ndipo palipo Segera na barabara, na ile miiba, na mto. Njia yote niliyoburutwa nikarudi, halafu nikaikimbia tena, utaipita umekaa, peremende bado iko mdomoni. Itazame. Halafu geuza uso, umtazame mtoto wa watu uliyempakata, pengine amelowa.

Jumatano asubuhi nitabandika maharage, ya mwaka jana, bila kuyalowesha. Nitakaa jikoni na Hadija nikiyatazama yanavyogonga sufuria kama mawe. Yatakapoanza tu kutoa harufu nitamwambia, dada yako ameshuka. Na yakiiva tutayala tumeshiba furaha, na yatakayobaki nitawawekea wageni.

Wao wanasema wanakuja kuchukua bibi harusi. Nimewaambia waje baada ya swala ya mchana, wasimwache mtu nyuma: Saidi, wazee, mama yake Athumani, Athumani mwenyewe, na wale waliocheka kisimani. Laini yangu nayo itakuwepo yote. Tutaonana uso kwa uso, mlangoni pangu, Ijumaa.